Uzi: Wiki moja Lisbon na mke wangu, na dhahabu ya Kilwa niliyomfichia miezi saba

Mzee wa Spea:
Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo nimeamua kuleta uzi wangu mwenyewe kwa sababu kuna jambo liko moyoni na kila nikimsimulia mtu dukani ananiambia kaandike. Mimi ni muuza spea Kariakoo, mke wangu ni mwalimu wa historia sekondari, mzaliwa wa Kilwa, na mwaka 2025 tulitimiza miaka 10 ya ndoa na watoto watatu. Kwa miaka yote hiyo hatujawahi kusafiri sisi wawili tu, safari zetu zilikuwa misiba, harusi na kupeleka watoto kwa bibi. Tukasema mara hii tutatoka. Tulianza kuweka hela tangu 2022, yeye anaingiza hela ya mchezo wa walimu wenzake mimi naweka ya duka kidogo kidogo, watu wakawa wanatuambia mtaenda Zanzibar au Dubai, mimi nikasema hapana tunaenda Lisbon, Ureno. Hata yeye alishangaa kwa nini Lisbon. Sikumwambia. Sababu ilikuwepo na niliificha miezi saba, mtaiona mbele, msikimbilie chini.

Viza ya Schengen ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima iwe inafunika si chini ya euro 30,000, hivyo viwili viwekeni kwenye bajeti mapema kabla ya tiketi. Tulisubiri Idi ya kuchinja ipite, watoto tukawaacha kwa mama mkwe, Jumapili tarehe 8 Juni tukapanda ndege Dar, tukabadilisha Istanbul, jioni tuko Lisbon. Na hapo ndo mshangao wa kwanza wakuu, saa tatu usiku jua ndo linazama! Mke wangu anauliza Maghribi lini, nikamwambia subiri mama, jua la huku halina haraka.

Tulipanga chumba mtaa wa Graça, juu kabisa ya kilima, kwa mama mmoja mjane mtu mzima. Kiingereza chake cha kuokoteza na changu hicho hicho. Alipoleta mashuka akawa anaonyesha kimoja kimoja anataja, akashika ile ya mto akasema "fronha". Mke wangu akageuka kuniangalia. Foronya! Akagonga meza akasema "mesa", akanyanyua kikombe cha maji akasema "copo". Basi ikawa usiku ule badala ya kulala tunakaa kitandani tunahesabu maneno, bendera, karata, leso, mvinyo, kasha, padre, limau, mimi nikasema na parafujo, akabisha. Kesho yake tukapita duka la vifaa vya ujenzi nje limeandikwa "parafusos" kwa herufi kubwa, nikasimama pale nikapigwa picha. Mimi parafujo ndo mkate wangu wakuu, nimeuza miaka 16 bila kujua jina lake limetoka wapi.

Naendelea, nafunga duka kwanza.

Kijana wa Mbagala:
Mkuu usituache hewani, nimekaa mkao wa kula.

Binti Kilindini:
Mashaallah. Sisi wa Mombasa tumezaliwa tukiiona Ngome ya Yesu, iliyojengwa na hao hao Wareno kuanzia 1593, lakini kwenda kwao kuwaona walikotoka sijapata kufikiria. Endelea kaka. Na hilo la leso, wazee wetu wa kike husema hata kanga asili yake ni vitambaa hivyo hivyo vya leso vya Wareno, wanawake wa pwani wakanunua mita mita wakavishona pamoja.

Mzee wa Spea:
Nimerudi. Ahsante dada wa Kilindini.

Jumatatu niliharibu. Nasema ukweli ili mwenye kusafiri na mwenzake ajifunze. Nilikuwa nimeandaa ratiba kwenye simu, saa mbili hapa, saa nne pale, saa sita kule, maana hela tumeitafuta kwa jasho nikaona kila saa lazima izae. Tumeshuka Baixa, huko ni bondeni katikati ya mji, mitaa imenyooka kama imepigwa rula. Sababu ya kunyooka ni tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote asubuhi watu wamejaa makanisani, ardhi ikatetemeka, bahari ikapanda, halafu moto ukawaka siku kadhaa. Mji ukalala chini. Aliyesimamia kuujenga upya ni waziri wa mfalme aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, na nyumba zile ndani ya kuta zake wameweka fremu za mbao zilizokingamana kama tundu la ndege ili ardhi ikicheza nyumba nayo icheze isianguke. Mimi ni mtu wa vyuma na nati, hapo nilisimama muda mrefu kuliko ratiba yangu mwenyewe.

Lift ya Santa Justa, ya chuma, ya mwaka 1902, foleni yake ilizunguka jengo, nikamwambia mke wangu twende kwa miguu tutafidia muda. Mawe ya barabarani kule ni meupe, madogo, yamepangwa kwa mapambo, mazuri kweli lakini yamesuguliwa na miguu mpaka yanateleza kama sabuni. Alikuwa amevaa viatu vya wazi vya soli laini. Akateleza akapiga goti. Mimi badala ya kumwinua vizuri nikatazama saa. Yaani niliiangalia saa wakuu.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa mtu akajifuta goti akaniambia, "Mume wangu, mimi nimekuja kukaa na wewe. Sikuja kufanya mtihani."

Nilikaa pembeni yake tukanyamaza. Kisha nikatoa simu mbele yake nikafuta ratiba yote, nikabakiza mstari mmoja tu wa Jumatano. Akauliza huo mmoja wa nini, nikamwambia huo niachie. Tukanunua raba duka la karibu, tukapanda polepole mpaka kanisa la Carmo. Kanisa hilo paa lake liliporomoka siku ile ya 1755 na hawakulirudisha, limebaki matao yake ya mawe yamesimama na mbingu juu. Tuliingia ndani tukakuta njiwa na kivuli na watu wachache. Mke wangu akasema hapa ni kama gofu la Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, unaingia unakuta nguzo na anga. Tulikaa pale saa nzima na zaidi, ameniegemea, tunaongea habari za utoto wake. Kwangu wiki yetu ilianzia hapo.

Mama Vitumbua:
Mwanaume aliyefuta ratiba mbele ya mkewe ameelewa. Wangu angeniambia nyanyuka tunachelewa basi. Endelea baba.

Kijana wa Mbagala:
Mstari wa Jumatano mkuu! Usiruke Jumanne lakini.

Mzee wa Spea:
Jumanne tarehe 10 ni sikukuu yao ya taifa. Tulienda Belém, ni pembezoni mwa mto Tejo, unapanda tramu namba 15. Mnara wa Belém ulikuwa umefungwa kwa ukarabati tukauona kwa nje tu. Monasteri ya Jerónimos ndo kitu kikubwa pale, mfalme Manuel wa Kwanza aliianzisha mwaka 1501, na hela yake ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga na wenzake. Mawe yake wameyachonga kamba za meli, mafundo, matumbawe, ukiangalia unaona kabisa ni watu waliokuwa wanawaza bahari usiku na mchana.

Ukiingia kanisani kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama. Ameonyeshwa amelala, jiwe jeupe, mikono ameikutanisha. Mke wangu alisimama pale bila neno. Kila mwaka anamwandika huyu ubaoni, 1498 Msumbiji, Mombasa, Malindi, 1502 Kilwa, anawauliza wanafunzi, anasahihisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe alikuwa mtu." Sikumuuliza alikuwa na maana gani, nilimshika mkono tukatoka.

Nje tukapanga foleni ya vile vitobosha vyao vya maziwa na mayai, pastéis, duka lile la Belém linaoka tangu 1837. Unapewa cha moto, unanyunyizia mdalasini, ukiuma kinavunjika kama karatasi kavu. Tulikula vitatu vitatu. Tulikaa kwenye nyasi karibu na mto mpaka jioni, hatukufanya kitu kingine chochote, na ninaikumbuka siku ile kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Sasa Jumatano.

Miezi saba nyuma nilikuwa natafuta kwenye mtandao mji wa kumpeleka, naangalia Paris, Roma, Istanbul, nikakutana na picha ya kitu cha dhahabu, kirefu, kimejaa kazi ya mikono, na chini yake jina la Kilwa. Nikasoma mara mbili mbili. Kipo Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, Lisbon. Siku hiyo hiyo nikafunga mjadala. Sikumwambia kitu.

Tukapanda mpaka kile chumba. Mwanga umewekwa juu ya kile kitu tu. Kinafika kama sentimita 70 na kidogo kwenda juu, kama mnara mdogo wa msikiti au kanisa, mitume 12 wamepiga magoti katikati, kila mmoja na rangi za nguo zake, wadogo kama kidole, na kuna ndege na maua na konokono kwenye kitako. Nikamwambia mke wangu soma pale chini. Herufi zake ni za kizamani, U imeandikwa kama V, zinazunguka kitako. Akainama akaanza kuzifuata taratibu huku anazunguka kioo, akafika sehemu akasimama. QVILOA.

Akasema Kilwa? Nikamwambia endelea. Maana ya yale maandishi ni kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu na ushuru wa Kilwa, kikaisha 1506.

Aliweka kiganja kwenye kioo. Mlinzi akasogea, mimi nikamwonyesha mke wangu kisha nikaonyesha lile neno nikasema "Quiloa, yeye, kwao". Yule mlinzi akaangalia neno, akamwangalia mke wangu, akarudi nyuma hatua kadhaa akatuacha.

Halafu mke wangu akaanza kunifundisha. Machozi yanatoka na anafundisha. Kwamba Vasco da Gama alirudi 1502 na msururu wa meli za mizinga akamtisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno mji utachomwa, akakubali kulipa mithkali 1,500 za dhahabu kwa mwaka, mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu. Kwamba dhahabu ile ilitoka bara ya Zimbabwe, ikashuka Sofala, ikapita Kilwa, na Kilwa ilikaa juu ya biashara hiyo karne nyingi, Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Kwamba 1505 Francisco de Almeida akaja tena, safari hiyo wakaingia wakapora, wakajenga ngome. Yote hayo nilikuwa nimeshamsikia akiyasema akisahihisha mitihani mezani kwetu. Ila aliongeza moja ambalo limenikaa: "Nimefundisha habari ya ushuru huu miaka minane, sikujua ushuru wenyewe bado upo."

Tulikaa kwenye benchi la chumba kile mpaka walipokaribia kufunga. Vyumba vingine hatukuviona, na sijutii.

Binti Kilindini:
Nimelia hapa kazini. Wallahi nimelia.

Mkatoliki wa Peramiho:
Mkuu niongezee kidogo kwa wasiokijua kitu hicho. Sisi Wakatoliki tunakiita monstransi, ndicho padre anachowekea Ekaristi Takatifu ili waumini waiabudu, katikati huwa na kioo cha duara cha kuiweka. Hiyo mliyoiona huitwa Monstransi ya Belém, ni maarufu sana, aliyeifua anatajwa kuwa ni Gil Vicente, na mfalme aliikusudia iende monasteri hiyo hiyo ya Jerónimos mliyotembelea Jumanne. Mimi kama mkristo nimesoma habari yako kwa uzito, kwa sababu chombo kitakatifu kwetu kimetengenezwa kwa mali iliyochukuliwa kwa kutishwa kwa mizinga. Vyote viwili ni kweli na lazima tuvibebe vyote viwili.

Kijana wa Mbagala:
Irudishwe. Imeandikwa yenyewe kwenye kitako imetoka wapi, ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Mzee wa Spea:
Ahsante Mkatoliki, umeeleza vizuri kuliko mimi. Kijana wa Mbagala, tuliongea hilo mimi na yeye njia nzima. Mke wangu anasema kabla hata ya kurudishwa, mtoto wa Kilwa apate kwanza kujua kwamba ipo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, wageni wanatoka mbali kuja, na mtoto aliyezaliwa Masoko ng'ambo tu ya maji anamaliza shule bila kuiona picha ya dhahabu hii. Mimi naungana naye, na nasema pia kurudishwa kujadiliwe bila woga.

Usiku ule tukaenda kusikiliza fado, nyimbo zao za jadi za majonzi, mtaa wa Alfama, kajumba kadogo meza nane au tisa. Wenye nia ya kwenda sikilizeni, fado ikianza taa zinapunguzwa na hakuna anayeongea, hata mhudumu anasimama alipo na sinia lake. Mwimbaji alikuwa mama wa makamo, shali nyeusi mabegani, anafumba macho, nyuma yake gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 na gitaa la kawaida. Sisi tumezoea taarabu, wimbo ukikugusa unanyanyuka unamtunza mwimbaji, unacheza, unamrushia mwenzio kijembe. Kule unatulia wimbo ukuingie. Wana neno lao, saudade, Mswahili ungesema hamu iliyochanganyika na majonzi ya kitu kilichokwenda. Mke wangu baada ya mchana ule hakuhitaji tafsiri. Alinishika mkono chini ya meza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

Angalizo moja kuhusu migahawa kwa jumla: ukikaa watakuletea mkate, zeituni, jibini kabla hujaagiza. Ukila unalipa, usipogusa hulipi. Sisi tulikula tukidhani ni ukarimu, bili ikatufundisha.

Mama Vitumbua:
Na chakula cha halali je? Mlikula nini wiki nzima?

Mzee wa Spea:
Samaki mama, samaki mpaka basi. Pweza wa kuoka na viazi na mafuta ya zeituni, dagaa wakubwa wa kuchoma, wali wa vitu vya baharini. Supu yao ya mboga za majani huwekewa soseji ya nguruwe, kwa hiyo kila mahali tulikuwa tunasema "sem porco", bila nguruwe, wanaelewa. Ukitaka nyama nenda Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, huko kumejaa Wabangladeshi na mabucha ya halali na biriani. Na kwenye vibanda vyao vya chai kuna kitu wanaita "chamuça", kimefika huko kutoka Goa, ukikiona tu unajua ni sambusa. Kuku wao wa pilipili wanaita piri-piri. Ukitaka chai sema "chá" utaletewa. Yaani kwa tumbo hatukuwa wageni.

Sasa Alhamisi tarehe 12, na kama unampeleka mtu umpendaye Lisbon, panga uwepo usiku huu. Ni mkesha wa Mtakatifu Antonio, kwa dunia anaitwa wa Padua lakini yeye ni mzaliwa wa Lisbon, na watu wa pale wanamchukulia ndiye msimamizi wa wachumba, mpaka manispaa huwafungisha ndoa maharusi kwa pamoja siku hizo. Alfama yote ilikuwa moshi. Kila mlango jiko la mkaa, dagaa wanachomwa wanawekwa juu ya kipande cha mkate, mafuta yanaingia kwenye mkate, unakula kwa mkono umesimama. Karatasi za rangi zimetundikwa kutoka dirisha hili mpaka lile, vibibi vinacheza na vijana, ilinikumbusha Feri jioni ukichanganya na harusi ya mtaani. Na hilo jina Alfama ni la Kiarabu, asili yake ni maji moto ya kuogea, ndugu wa neno letu hamamu, maana Waislamu waliutawala mji ule mpaka 1147.

Sasa kuna kijitungi cha maua wanauza usiku huo kila kona, wanaita "manjerico". Mke wangu alipita karibu akasimama ghafla, akasema nasikia nyumbani kwa mama. Ni mrehani wakuu! Jamii ya mrehani wetu huu huu, wa majani madogo madogo, umekatwa duara kama mpira. Huruhusiwi kuunusa kwa pua, wanasema utanyauka, unaupapasa kwa kiganja halafu unanusa kiganja. Mwanaume anampa mpenzi wake, na juu wamechomeka ua la karatasi na kibendera chenye shairi la mapenzi la mistari minne. Mistari minne, sawasawa na ubeti wetu! Nikanunua, nikachomoa lile la Kireno nisilolielewa nikaomba kalamu kwa muuzaji, nikakaa kwenye ngazi nikaandika nyuma yake. Mimi si malenga ila babu yangu alikuwa anatunga, nikajitahidi:

Shika huu mrehani, utie chumbani mwako
Nimevuka baharini, kufuata penzi lako
Miaka kumi nyumbani, sijachoka sura yako
Ningezaliwa zamani, ningekuja Kilwa kwako

Alisoma chini ya taa ya mtaani, akakikunja kile kikaratasi akakiweka ndani ya kava ya simu yake. Kipo mpaka leo.

Binti Kilindini:
Haya kaka umetuweza. Nami mrehani niupandao barazani kwangu ni wa kikuba, pamoja na asumini, leo nautazama vingine kabisa.

Kijana wa Mbagala:
Vina na mizani vimekaa, nimehesabu nane nane. Naazima kidogo kwa matumizi ya nyumbani.

Mzee wa Spea:
Azima ila toa Kilwa weka kwao.

Ijumaa tuliswali Msikiti Mkuu wa Lisbon, upande wa Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na Waislamu wengi wa pale wana asili ya Msumbiji. Nje baada ya swala mzee mmoja alitusikia tunaongea akaja moja kwa moja. Ni mtu wa Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, lugha yake Kimwani. Yeye anasema Kimwani sisi Kiswahili, na tulielewana sehemu kubwa tu, mke wangu alikuwa anaruka kwa furaha kila neno likigongana. Hilo neno mithkali niliwatajia juu, mzee akatukumbusha kwamba hela ya Msumbiji mpaka leo inaitwa metical, ndo lile lile.

Jumamosi tulipanda treni Rossio kwenda Sintra, dakika 40 hivi, makasri kwenye milima ya ukungu, pazuri lakini watu wengi mno, tukageuza mapema. Tukavuka mto kwa feri toka Cais do Sodré mpaka Cacilhas, kama dakika 10 tu, na hiyo ndo naipendekeza kwa wawili, ni bei ya nauli ya kawaida na unauona mji wote ng'ambo umeegemea vilima vyake, na kushoto lile daraja jekundu la tarehe 25 Aprili. Usiku wa mwisho tulikaa Senhora do Monte, karibu na chumba chetu, pale wanapokuja wachumba kuangalia jua. Hatukupiga picha. Tuliongea mambo ambayo nyumbani hatukupata nafasi kuyaongea kwa miaka, mengine hayaandikiki humu.

Mrehani hatukuweza kusafiri nao. Tulimwachia mama mwenye nyumba, akauweka dirishani.

Mama Vitumbua:
Na mwalimu aliporudi shuleni?

Mzee wa Spea:
Nilijua mtauliza. Shule zilipofunguliwa Julai alichapisha zile picha kubwa za rangi, ya kile chombo kizima na ya kile kitako chenye neno, akazibandika ubaoni bila kusema kitu, akawaambia wanafunzi wasome herufi. Anasema ilichukua kama dakika kumi, halafu binti mmoja wa nyuma akapiga kelele "Kilwa!" darasa zima likasimama.

Desemba tulienda kwao. Tukavuka na mashua toka Masoko hadi Kisiwani, akamwonyesha shangazi yake ile picha kwenye simu. Shangazi ni mtu mzima sana, macho hayaoni vizuri, ikabidi aikuze. Aliishika ile simu muda mrefu, akauliza kama pale ilipo inafutwa vumbi. Mke wangu akamwambia ndiyo shangazi, imewekwa kwenye kioo, inalindwa. Akasema haya, akamrudishia simu, akatuuliza kama tumekula.

Wenye maswali ya viza na nauli niandikieni hapa hapa, nikifunga duka saa kumi na mbili nitajibu mmoja mmoja.